Mashahidi Wawili wa Eksileta

Gari la kijivu lilikuwa limeegeshwa katikati ya yadi ya polisi wa mji wa Salt kama mtuhumiwa aliyegoma kusema. Luteni Rudaina alikuwa amelala chali chini ya usukani wake, na kilichoonekana nje ni buti zake tu.

"Afande," alisema Sajini Nayef, ameegemea mlango na kikombe cha chai mkononi, "mtaalamu wa mkoa alishalipima. Halina msimbo wa hitilafu hata mmoja. Safi kama meza ya bwana harusi."

"Alikaa humu kwa muda gani?"

"Alikuwa hajapata kifungua kinywa, afande."

"Basi alilisalimia tu. Nipe tochi."

Nayef akampa. Alikuwa amefanya kazi na Rudaina tangu majira ya baridi yaliyopita, na alishajifunza mambo mawili: usimwite kula akiwa ndani ya gari, na usimwambie jambo limekwisha. Rudaina alikuwa binti wa fundi wa Bayader, kule Amman ambako kila mlango ni gereji na kila mtu ni mjuaji. Alisoma misimbo ya magari kabla hajaijua hesabu ya kuzidisha, na hakuona sababu ya kulificha jambo hilo kwa mtu yeyote, hata kwa mkuu wake wa kituo. Hasa kwa mkuu wake wa kituo.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Jioni moja, baada tu ya adhana ya magharibi, mwalimu mstaafu aliyeitwa Sakhr aligongwa kwenye kona ya juu ya chemchemi, barabara inayoshuka bondeni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo barazani aliona gari dogo la saluni, la kijivu, likiteremka kwa kasi ya kichaa, likampiga mzee, likaendelea. Asubuhi yake polisi wakaikuta saluni ya kijivu kwenye gereji ya fundi Ghassan, taa ya mbele ya kulia imevunjika, na vipande vyake vinalingana na vile vilivyookotwa barabarani. Mwenye gari alikuwa Wasfi, kijana anayepeleka wanafunzi chuoni.

Wasfi alisema saa hiyo gari lake lilikuwa mahututi bondeni, taa ya injini inawaka, linatambaa. Alimpigia simu rafiki yake Ghassan, Ghassan akaja, akachomeka mashine yake, gari likafufuka. Simu ilipigwa kweli, na ilipigwa kabla ya ajali. Lakini mnara mmoja unahudumia kona na bonde, kwa hiyo haukusaidia kitu. Na Ghassan alisema: "Alinipigia, ndiyo. Nikamwambia aje asubuhi. Sikutoka nyumbani." Gari nalo halikuwa na ugonjwa wowote kwenye kumbukumbu. Kijana akabaki mwongo, na mwongo akabaki muuaji.

Hayo yangengoja mahakama. Kisichongoja ni kwamba alasiri hiyo zilikuwa zinakwisha zile siku tatu na theluthi za amani ambazo ukoo wa marehemu uliupa ukoo wa Wasfi. Zikiisha, baba yake Wasfi, Haji Mufleh, angeingia katika hema la matanga na wazee wake na kuikiri damu ya marehemu. Baada ya hapo, kwa mila, nyumba zote za ukoo wake zingefungwa, na wenyewe wangehama Salt: vikongwe, watoto, bibi harusi wa juzi. Nyumba za mawe ya manjano ambazo babu zao walizipandisha kilimani moja juu ya nyingine zingebaki na paka.

"Hebu njoo uone," Rudaina alisema, akajivuta na kukaa kitini. Alikuwa amechomeka waya wake kwenye tundu lililo chini ya dashibodi, na mashine ilikuwa juu ya paja lake. "Ukurasa wa kwanza. Hakuna msimbo. Hapo ndipo mtaalamu wetu alipokumbuka tumbo lake. Sasa ukurasa wa pili."

"Mbona yote yameandikwa 'bado'?"

"Gari likiendeshwa hujipima lenyewe. Linapima moshi, linapima mvuke wa petroli, linapima hiki na kile. Likimaliza linaandika 'tayari'. Hili lina kilomita laki na ushee na halijajipima hata kitu kimoja. Unadhani limezaliwa jana?"

"Mtu kalifuta kumbukumbu." Nayef akakuna kidevu. "Au betri ilitolewa."

"Vizuri, Nayef! Ulishaanza kunitia wasiwasi. Sasa tazama hapa: umbali tangu kumbukumbu ifutwe. Kilomita tisa. Kutoka gereji kuja hapa gari lilibebwa mgongoni mwa gari la kuvuta. Kwa hiyo kama lilifutwa gerejini, au betri ilitolewa gerejini, hapa pangesomeka nini?"

"Sifuri."

"Lilifutwa kwingine, likaendeshwa kilomita tisa." Alibonyeza tena. "Na huu ndio ukurasa ambao hata mafundi wengi hawaufungui. Hili gari limetokea Amerika, likapitia Soko Huru la Zarqa, wanakouza magari ya mitumba. Wamarekani walichoshwa na watu wanaofuta misimbo mlangoni mwa kituo cha kupima moshi. Wakaweka msimbo wa kudumu. Mashine haiufuti, betri haiufuti. Unaondoka wenyewe siku gari litakapojipima na kujiona limepona. Nisomee."

Nayef akainama. "P, mbili, moja, tatu, nane."

"P ni injini na nguvu zake. Ingekuwa C tungezungumza breki na usukani, B ni bodi, U ni kompyuta zenyewe zimenuniana. Hii ni eksileta, pedali ya mafuta. Chini ya mguu wako pana sensa mbili, yaani vihisi, na kompyuta huziuliza zote mbili: amekanyaga kiasi gani? Zikijibu sawa, anapewa nguvu. Zikipingana, kompyuta haiiamini hata moja. Inashusha nguvu, inawasha taa ya injini, na gari linatambaa."

"Kumbe eksileta ndiyo mbovu."

"Hapo ndipo watu wanapotupa eksileta nzima jalalani. Msimbo hausemi kibovu ni kipi, Nayef. Unakuonyesha waliogombana tu. Chanzo cha ugomvi unakitafuta mwenyewe."

Alimfanya Nayef apige picha kila ukurasa na kuandika jina lake na saa, ndipo akashuka tena chini. Akaifungua plagi ya eksileta. Ndani, pini zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Akairudisha, akawasha injini, akakanyaga mafuta kidogo, na kwa mkono mwingine akautikisa waya. Injini iliyokuwa ikinguruma ikanywea. Taa ya manjano ikawaka.

"Habari za asubuhi," Rudaina akaiambia taa.

Lakini Nayef naye alikuwa hajakaa bure. Alikuwa amefungua kisanduku cha dashibodi, na sasa alinyanyua kidude cha bluu kama cha kuchezea, kile kinachouzwa kila kibanda, unachochomeka kwenye gari na kukiunganisha na simu.

"Afande, samahani kwa kukuharibia sherehe. Kijana alikuwa na chake. Labda gari halikuwahi kufa siku ile. Msimbo ni wa zamani, amekuwa akiufuta mwenyewe kila wiki, na jioni ile kaufuta tena akaenda zake mbio."

Rudaina hakucheka. Lilikuwa wazo zuri, na kwa mtu aliyelitoa na makombo ya mkate masharubuni, lilikuwa wazo zuri sana.

"Mlete Wasfi."

Wasfi aliletwa akiwa na nywele zilizosimama na shati la siku tatu. Alikuwa kijana mrefu, na hata pingu hazikumfanya ainamishe kichwa.

"Kidude hiki ni chako?"

"Changu. Kimekufa tangu wakati wa theluji. Nilikikanyaga nikiingia."

"Kila kitu chako hufa kwa wakati wake," Nayef alisema.

"Kichomeke basi, sajini. Kikiongea, ninyonge nacho."

Rudaina akakichomeka kwenye gari la polisi. Hakikuwaka. Akakigeuza kwenye mwanga: pini mbili zilikuwa zimekatika kabisa, na mahali zilipokatikia palikuwa peusi kwa uchafu wa muda mrefu.

"Hiki hakijafuta kitu tangu wakati wa theluji," alisema. "Wasfi, siku ile gari lilikuwa linakimbia kiasi gani?"

"Linakimbia? Lilipitwa na punda, afande."

"Acha utani."

"Wallahi lilipitwa na punda! Na mwenye punda akaniuliza kama nataka lifti."

Nayef akageuza uso ili asionekane.

"Ghassan alikukuta wapi?"

"Pale kwenye chemchemi, chini. Nimeshawaambia. Nimewaambia mpaka ulimi umeota sugu. Akachomeka mashine yake, akanicheka, akasema nimenunua gari lililozama mafuriko ya Amerika. Lake ni la soko la nchi za Ghuba, rangi ileile, umbo lilelile, na haishi kunitambia. Akafuta, likapona. Nikaenda nyumbani. Alfajiri akanipigia: lete gari nikukagulie vizuri, nafungua mapema. Nikalipeleka."

"Likiwa na taa nzima?"

"Taa zote nzima! Nikaliacha pale, nikarudi kulala. Wakaja wenzako kunitoa kitandani."

Rudaina akazunguka mbele ya gari. Taa ya kushoto, nzima, ilikuwa na kioo kidogo cha rangi ya machungwa pembeni. Taa ya kulia, iliyovunjika, ilikuwa nyeupe mpaka ukingoni. Akakichomoa kipande kilichobaki, akakitazama mbele na nyuma.

"Nayef, chukua gari letu. Anzia chemchemi, pita nyumbani kwa Wasfi, malizia gereji ya Ghassan. Tukutane hapo. Na usisimame kununua mkate."

*

Ghassan alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji yake, mikono kiunoni, mtu wa mabega mapana na ovaroli iliyopigwa pasi. Ndiyo, pasi. Ndiye fundi pekee wa Salt aliyepiga pasi ovaroli, na alistahili: magari yaliyoshindikana Amman yaliletwa kwake.

"Karibu, binti wa Bayader. Nasikia baba yako alikuwa fundi."

"Bado ni fundi. Ndiye aliyenifundisha kuuliza mara mbili. Jioni ile ulishuka bondeni?"

"Nilikuwa nyumbani."

"Mashine yako iligusa gari la Wasfi?"

"Haikuligusa. Lilikuja asubuhi na taa imevunjika. Nikashtuka. Nikasema, huyu mtoto kafanya nini?"

"Na hukulifuta kumbukumbu?"

"Nilifute ya nini? Sikuwa hata nimelifungua boneti."

Nayef akawasili, akateremka na kunyanyua vidole tisa. Kimoja kilikuwa na jibini.

Rudaina akamwonyesha Ghassan picha ya ukurasa wa pili. "Limefutwa. Wasfi hana mashine. Wewe unayo."

Ghassan hakutetereka. Alitabasamu kwa kumhurumia. "Sawa, nilisahau. Nililifuta asubuhi, hapahapa, kama ninavyofanya kwa kila gari linaloingia. Ni kama kunawa mikono."

"Hapahapa?"

"Hapo ulipokanyaga."

"Kutoka hapo nilipokanyaga gari lilibebwa. Kompyuta inasema tangu ufute, magurudumu yamezunguka kilomita tisa. Sajini ametoka kupima. Chemchemi, nyumbani kwa Wasfi, mlango wako huu: tisa. Ulifuta bondeni, Ghassan. Na kutoka kwako mpaka bondeni hakuna njia nyingine ila kupitia kona ile."

"Alifuta mwenyewe kwa kidude chake."

"Umesema hujaligusa. Ukasema umelifuta hapa. Sasa amelifuta yeye," Nayef alisema. "Chagua moja, ndugu yangu, tukuandikie."

"Fungua turubai lile," Rudaina alisema.

Nyuma ya gereji palikuwa na gari lililofunikwa. Ghassan hakusogea, kwa hiyo Nayef alilivuta turubai mwenyewe. Saluni ya kijivu, pacha wa ile ya yadini. Bampa jipya. Taa ya kushoto nyeupe mpaka ukingoni. Taa ya kulia ilikuwa na kioo cha machungwa pembeni.

"Sheria ya Amerika inataka rangi hiyo pembeni," alisema Rudaina. "Gari lako ni la Ghuba. Limeipata wapi?"

"Kwenye vyuma chakavu. Nusu ya magari ya nchi hii yana macho mawili tofauti, unajua hilo."

"Najua. Ndiyo maana nilipoiona taa ya Wasfi sikusema kitu. Taa peke yake ningeiacha. Lakini taa, na kilomita tisa, na mtu ambaye hakutoka nyumbani?"

Ghassan aliligusa bampa jipya kwa kidole. Halafu akasema jambo ambalo Rudaina hakulitegemea. "Hata kama lilifutwa, utajuaje lilikuwa na ugonjwa gani? Nilipofuta nilihakikisha. Nilifuta mara mbili. Hapakubaki kitu."

Nayef akaacha kutafuna.

Rudaina hakuonyesha kama amesikia kitu kikubwa. Alifungua picha ya tatu, akamkabidhi simu. Ghassan aliusoma msimbo. Akaukuza kwa vidole, akausoma tena, kama fundi anavyosoma kitu ambacho hakukijua na kilistahili kujulikana.

"Wa kudumu," alisema polepole. "Hauondoki?"

"Mpaka gari lenyewe likubali limepona."

"Miaka yote hii..." Akairudisha simu. Akajifuta mikono kwenye ovaroli, ingawa ilikuwa safi. "Nilikuwa nawahi kumsaidia. Ananipigia, gari limekufa, giza linaingia. Mzee akatokea kwenye kona. Sikumwona, wallahi. Nikasimama mbele kidogo, nikatazama kwenye kioo, hakutikisika. Nikaendelea kushuka. Nikaegesha mbele ya Wasfi asije akaiona taa, nikamtengenezea gari huku nikimtania, naye akadhani nacheka."

"Na asubuhi ukalivalisha gari lake taa yako iliyovunjika."

Ghassan alinyoosha mikono yote miwili mbele, na Nayef akamfunga pingu bila utani wowote.

"Haji Mufleh atakuwa ameshaingia hemani," Rudaina alisema. "Endesha. Pitia kituoni, tumwache huyu tumchukue Wasfi."

*

Hema la matanga lilikuwa limejaa mpaka kwenye kamba zake. Upande mmoja wazee wa marehemu, upande wa pili Haji Mufleh na wanaume wa ukoo wake, majoho yao ya kahawia yamenyooka mabegani. Haji alikuwa amesimama. Mbele yake, chini, palikuwa na kikombe cha kahawa ambacho hakuwa amekigusa, maana mwenye ombi hanywi mpaka apewe jibu.

"Tumekuja," alikuwa akisema, "na vichwa vyetu viko wazi mbele yenu. Damu ya mwalimu Sakhr..."

"Haji, samahani." Rudaina alisimama mlangoni mwa hema. Hakuinua sauti, lakini alikuwa na sare, na watu wakageuka. "Usiikiri damu hiyo. Si yenu."

Manung'uniko yakapanda. Kaka wa marehemu, Abu Fawwaz, mzee mwenye fimbo na jicho moja lililofifia, akainua mkono, pakawa kimya.

"Sema, binti. Na useme kinachoeleweka."

Akasema. Alisema kwa maneno ambayo mfugaji wa mbuzi angeyaelewa na fundi asingeyapinga: gari lilikuwa mgonjwa kabla ya ajali, lisingeweza kukimbia, ugonjwa ulifutwa chini bondeni, aliyefuta amekiri kwamba ndiye aliyempiga mwalimu njiani. Alimtaja Ghassan. Kisha akasogea pembeni, na watu wakamwona Wasfi amesimama nyuma ya Nayef, mikono mitupu.

Haji Mufleh alimtazama mwanawe kwa muda wa kupumua mara moja tu. Akarudisha uso mbele.

"Abu Wasfi," Abu Fawwaz alimwambia Haji, akimwita kwa jina la mwanawe, "ulikuwa unaikiri damu ambayo mwanao alikuambia siyo yake. Hukumwamini?"

"Nilimwamini tangu neno la kwanza."

"Basi kwa nini ulikuja?"

"Kwa sababu Sakhr alinifundisha kusoma. Na kwa sababu muda mliotupa ulikuwa unaisha, na sisi si watu wa kugongewa mlango. Tunatoka wenyewe."

Abu Fawwaz alitikisa kichwa taratibu. Akanyoosha fimbo yake kwenye kikombe. "Umetoka na heshima yako, na tunakuongezea yetu. Kunywa kahawa yako, ndugu yangu, urudi nyumbani kwako."

Wanaume wa ukoo wa Mufleh wakavuta pumzi kwa pamoja, wengine wakaanza kuinuka. Haji hakuinama kukichukua kikombe.

"Bado nina ombi."

"Ombi gani tena? Huna deni hapa."

"Nimeingia na ombi, na kikombe bado kimejaa. Ghassan ana kaka watano, na sasa zamu ya kuhama ni yao. Wana watoto, wako shuleni, mitihani iko mlangoni. Wao hawakuendesha gari." Sauti yake haikutikisika. "Mlitupa sisi siku tatu na theluthi tulipodhaniwa wauaji. Wapeni wao mpaka watoto wamalize mitihani. Nitasimama mdhamini, mimi na hawa walionifuata."

Nyuma yake mtu mmoja akanong'ona, "Haji, wale ambao uongo wao ulikuwa unatuhamisha?" na mwingine akamkanyaga mguu.

Vijana wa marehemu walikuwa wamekunja nyuso, na mmoja alifungua kinywa. Abu Fawwaz akamzuia bila kumtazama.

"Wewe," alimwambia Haji, "unaniomba hili leo? Juu ya damu ya ndugu yangu?"

"Nani mwingine wa kuliomba leo?"



Abu Fawwaz akainama kwa shida, akakiokota kikombe mwenyewe, akamwaga kahawa iliyopoa mchangani. Akakijaza upya kutoka kwenye birika, akamnyooshea Haji kwa mkono wa kulia.

"Mpaka wamalize mitihani," alisema. "Kunywa, Abu Wasfi. Hii ni ya moto."

Haji Mufleh akanywa.